Vishikio vya Mashine Yangu Ndogo ya Kukereza

Mwaka niliorudi kwenye chuma nilikuwa nimechoka kiasi cha kusinzia kwenye basi kabla halijaondoka kituoni. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, hapa Thamesmead, London, na mitaa ya jirani. Asubuhi nawaamsha, nawaogesha, nawapa chai na dawa. Jioni nawarudisha kitandani. Katikati kuna mwanya usiotosha kwenda nyumbani kupumzika, nao ni mrefu mno kuupoteza kwa kusimama, kwa hiyo naumalizia kwenye kibanda cha basi, mkoba mapajani. Bega langu la kulia lilishaharibika kwa kunyanyua watu. Daktari alinishauri nipunguze kunyanyua. Nilimwitikia vizuri, nikashuka ngazi, nikaenda kunyanyua.

Kabla ya London nilikuwa mkereza vyuma. Nilisomea ufundi, nikaajiriwa kwenye karakana ya kiwanda cha sukari huko bara, mwanamke peke yangu kati ya wanaume. Mashine ya kukereza inashika chuma na kukizungusha, na wewe unakisogezea kisu kidogo mpaka chuma kinachongeka na kuwa mviringo unaoutaka. Nilitengeneza ekseli, bushi, pini za matrekta. Nikaolewa, nikamfuata mume huku, ndoa ikaisha, nikabaki na binti na kazi ya wazee. Hakuna mtu London aliyewahi kuniuliza kama najua kukereza. Na mimi sikusema.

Sijui kwa nini siku ile nilianza kutafuta mashine kwenye simu. Nadhani ilikuwa ni kuchoka kwenyewe. Mtu akichoka sana anatamani kitu ambacho hakilalamiki, hakihitaji kugeuzwa ubavu, na kikivunjika hakilii. Nikaona tangazo la mashine ndogo ya mezani, iliyotumika, iko Neasden. Nikampigia shemeji yangu, kaka wa yule mume wa zamani, ambaye tulibaki tukipatana na ana gari la mizigo. Tukaenda Jumamosi.

Mlango ulifunguliwa na mzee wa Kihindi mwenye sweta nzito na miwani minene. Wakati anatutangulia ndani, nilimwambia shemeji kwa sauti ya chini kwamba asisogeze kitu chochote mpaka nikague reli za mashine, zile njia za kutelezea kisu. Mzee akasimama, akageuka taratibu.

"Reli yote iko sawa, mama," alisema. "Kagua tu. Shika kwa mkono."

Alizaliwa Nakuru. Baba yake alikuwa na gereji ya matrekta, na yeye alikulia chini ya matrekta hayo mpaka familia ilipohamia huku. Hapa alitengeneza saa na vyombo vya kupimia mpaka akastaafu. Mkewe alikuwa amefariki, na macho yake yalikuwa yanafifia. Kila kitu, alisema, kilikuwa na ukungu katikati. Ndiyo maana anauza.

"Tangu mke wangu aende, Kiswahili changu ni ya kuongea na redio tu," alituambia. "Na redio haijibu."

Nilipitisha vidole kwenye reli. Zilikuwa laini kama alivyosema. Nikazungusha mkono wa kusogezea kisu. Ulikwenda bila kucheza. Kisha nikafika kwenye sehemu inayoshika kisu chenyewe, nikakunja uso. Aliuona uso huo, au alisikia mkono wangu ukisita, sijui.

"Ndiyo," alisema. "Mashine hana shida. Shida iko kwa hiyo kishikio. Miaka mingi nilisema nitatengeneza ingine. Sasa ni shida yako."

Alicheka, na mimi nikacheka kwa adabu. Tulipoibeba mashine kwenda garini alitufuata mpaka kwenye lango, na shemeji alipowasha gari alikuwa bado amesimama pale, mkono juu.

Tuliiweka kwenye gereji iliyo chini ya nyumba yangu, ambayo haijawahi kuingia gari. Kulikuwa na friji bovu, mabegi ya nguo za zamani, na baridi. Chuma cha majira ya baridi kinauma vidole. Hata hivyo jioni ya kwanza niliyorudi kutoka kazini nikakuta mashine pale, nilivuta kiti na kuitazama kabla ya kuigusa.

Nieleze shida ya kishikio, maana ndiyo iliyonichukulia miezi. Ncha ya kisu lazima ielekee katikati kabisa ya chuma kinachozunguka. Ikiwa chini kidogo, inaacha chunusi katikati ya uso wa chuma. Ikiwa juu, haikati, inasugua tu. Kishikio kilichokuja na mashine kilikuwa bonge la chuma lenye mfereji na bolti za kukandamiza kisu, basi. Ukitaka kuinua kisu, unakiwekea vipande vya bati chini yake, kimoja juu ya kingine, mpaka kifike. Ukibadilisha kisu, unaanza upya. Bati hili nene mno, lile jembamba mno, hili limeanguka chini ya mashine.

Kiwandani tulifanya hivyo hivyo na sikumbuki kuona tabu. Lakini kiwandani nilikuwa kijana na nililala usiku. Sasa nilikuwa naingia gerejini jioni, vidole vimevimba, napanga bati, nafunga, najaribu, nafungua, napanga tena. Kisu kikifika mahali pake, mimi nimeshakwisha. Nazima taa, napanda juu, nakula wali wa jana nimesimama. Wiki nyingi zilipita hivyo bila kuchonga kitu cha kuonyesha.

Binti yangu ni mtu mzima na anauza viatu huko Stratford. Kiswahili anakielewa chote, hata matusi, lakini kujibu anajibu kwa Kiingereza. Aliniuliza kila jioni nafanya nini kule chini.

"Napanga kisu," nilimwambia.

Akaniuliza kisu hicho kitakata nini.

"Bado hakijafika kukata."

Alinitazama kama ninavyowatazama wazee wangu wakiniambia wanamsubiri mama yao.

Nikaamua kununua kishikio cha kisasa, kile ambacho kila kisu kinakaa kwenye kibonge chake chenye skrubu ya kurekebisha kimo. Unakirekebisha siku moja tu. Siku nyingine unachomoa kibonge, unachomeka kingine, unaendelea. Nilivitazama kwenye simu ndani ya basi, wiki nzima, mpaka dereva mmoja akazoea kuniita kituo changu kikifika. Kulikuwa na vya kila aina na maelezo ya vipimo yaliyokuwa yakigombana yenyewe kwa yenyewe. Nikachagua kimoja, nikaagiza. Kilipofika kilikuwa kizuri, kinang'aa, na kilikuwa kirefu mno kwa mashine yangu. Hata nikikishusha mpaka mwisho, kisu kilikaa juu ya katikati. Nilijaribu kwa kisu chembamba zaidi nilichokuwa nacho. Bado. Nikakirudisha kwenye boksi na kuliweka boksi juu ya friji.

Nilimpigia mzee wa Neasden. Alikuwa ameniambia nimpigie nikikwama, na nilidhani ni maneno tu ya mtu anayeuza.

"Ulipima kutoka kitako ya kishikio mpaka katikati ya chuma?" aliuliza.

"Nilikadiria, mzee."

"Hiyo nayo ni kupima kwa macho. Macho ya mtu amechoka." Akaendelea: "Wewe ni mkereza. Kwa nini unanunua?"

Ni kwa kuwa sina nguvu. Hilo sikulisema, lakini nadhani lilisikika. Akanieleza aina nyingine, rahisi, ambayo yeye aliwahi kuiona kwa fundi mmoja. Unasimamisha nguzo ya mviringo kwenye mashine. Kwa kila kisu unatengeneza kibonge cha chuma chenye tundu la kuingia kwenye nguzo hiyo. Ubavuni unakipasua kwa msumeno, unatia bolti ya kukibana, na juu unaweka skrubu ndogo inayoegemea kichwa cha nguzo ili kimo kisibadilike. Ndiyo hiyo tu. Nguzo moja, vibonge kadiri upendavyo.

Nguzo niliikereza kwa kishikio kile kile cha zamani na bati zake. Ilitoka vizuri. Niliishika njiani kwenda kazini, ndani ya mfuko wa koti, kama mtu aliyeokota kitu. Kibonge cha kwanza ndicho kilichonitesa. Nilikata chuma kwa msumeno wa mkono, na bega likanikumbusha kila mvuto. Nikakifunga kwenye taya za mashine, zile zinazoshika chuma kikizunguka, nikatoboa, nikaanza kulipanua tundu kwa kisu kirefu cha ndani. Nilifanya kazi hiyo jioni kadhaa, kila jioni kidogo. Tundu lilipokaribia ukubwa wa nguzo nikashikwa na haraka. Nikakata zaidi ya kiasi. Kibonge kiliingia kwenye nguzo kikicheza, na nilipokipasua ubavu na kukibana kilishika upande wa ndani tu. Ukikigusa kwa kidole, kinatikisika.

Sikulala vizuri, na kesho yake nilikuwa na mgonjwa mzito, mama mmoja ambaye winchi ya kumnyanyulia ilikuwa imeharibika na mwenzangu amechelewa. Nilimngoja mwenzangu, kisha tukamwinua kwa shuka. Jioni nilipofika nyumbani sikupanda juu hata kula. Nilitaka kuanza kibonge cha pili kabla hasira haijaisha. Nikafunga chuma kwenye taya, nikakaza kwa ufunguo wake, nikageuka kuchukua miwani, nikarudi, nikawasha.

Ufunguo nilikuwa nimeuacha kwenye taya.

Kila mkereza duniani anafundishwa jambo hilo siku ya kwanza, kabla hajafundishwa jina la kitu chochote. Ufunguo ulizunguka, ukaruka, ukapita karibu na sikio langu na kugonga mlango wa friji kwa mlio kama wa kufunga geti. Nilizima. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutoweza hata kushtuka, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Binti alishuka mbio, miguu mitupu juu ya saruji ile ya baridi. Akauona mlango wa friji ulivyobonyea. Akapima kwa macho kimo cha alama ile, kisha akatazama kichwa changu. Na safari hii alinijibu kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, ambacho nilikuwa sijakisikia tangu akiwa mdogo.

"Mama, toka hapo. Tafadhali. Toka."

Tukapanda juu. Alinichemshia chai, akatia sukari nyingi kama nilivyokuwa nikimtilia yeye akiugua, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Hakunigombeza. Akasema, kwa Kiingereza sasa, kwamba hana neno na mashine, lakini hataki kuniokota chini yake. Nikitaka kukereza, nikereze asubuhi ya siku ambayo siendi kazini, nikiwa nimelala na nimekula. Siku nyingine zote gereji ifungwe na funguo akae nazo yeye.

"Unanifungia kama mtoto?" nilimuuliza.

Akasema ndiyo.

Nikamwachia. Sikuwa na nguvu ya kubishana, na alikuwa na haki.

Kwa mwezi na zaidi sikushuka kabisa. Siku zangu za mapumziko nililala, nikaamka, nikalala tena. Ofisi iliyoniajiri ilinipigia kila Jumapili kuomba nizibe pengo la mtu, na mara nyingi nilikubali. Kibonge kibovu kilikaa dirishani jikoni kati ya chupa ya siki na sabuni ya vyombo.

Mzee ndiye aliyenipigia. Aliuliza vibonge vimefika ngapi. Nikamwambia vimefika kimoja, na hicho kimoja hakifai, na nikamweleza habari ya ufunguo.

"Lete hiyo kibonge," alisema. "Kesho kama una nafasi. Nitapika chai."

Nilivuka London nzima kwa treni na basi na bonge la chuma mkobani. Nyumba ya Neasden ilikuwa na maboksi ukumbini. Mtoto wake wa kiume, aliniambia, anataka ahamie kwake katika mji wa Leicester. Mtu asiyeona haachwi peke yake na jiko la gesi. Alinimiminia chai ya maziwa na tangawizi bila kumwaga hata tone, kidole kimoja kikiwa ndani ya ukingo wa kikombe. Kisha akaomba kibonge.

Alikiweka mapajani na kutia kidole cha shahada kwenye tundu. Akakizungusha ndani taratibu, macho yakitazama dirisha.

"Mdomo umepanuka. Huku ndani iko sawa, hapa nje imefunguka kama tarumbeta. Kisu yako ilikuwa refu sana na nyembamba, ilikuwa inaruka inapoingia."

"Sina kingine."

"Kata fupi. Nene kadiri tundu inaruhusu. Na ukikaribia kumaliza, usiongeze kina. Pitisha kisu bila kuongeza, irudi, pitisha tena. Iache ichoke yenyewe."

Nilimuuliza kama kweli chuma kinachoka.

"Kisu inapinda kidogo ikikata, mama. Ukipitisha bila kuongeza, inanyooka pole pole na kula ile ilibakisha. Hiyo kazi haitaki nguvu. Inataka mtu asiyekuwa na haraka."

Tulizungumza mpaka mchana ukaisha. Alinisimulia gereji ya baba yake, na mimi nikamsimulia kiwanda, jinsi hewa ilivyonukia molasi mpaka nguo za kanisani zikanukia hivyo. Aliniuliza maneno ya Kiswahili aliyoyasahau. Tupa. Jiliwa. Alilirudia jiliwa, kile chombo cha kubania chuma mezani, mara kadhaa, akatabasamu kama mtu aliyekutana na mwanafunzi mwenzake barabarani. Nilipoaga alisimama mlangoni na kushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia, ingawa ni salamu ya kukutana, si ya kuagana.

"Marahaba," akasema. "Miaka hakuna mtu ameniambia hiyo."

Jumapili iliyofuata nilimwambia mtu wa ofisini kwamba siwezi. Nilikuwa nimelala saa za kutosha na kula mayai mawili. Binti akanipa funguo, akakaa kwenye ngazi na simu yake kwa muda, akaona sifanyi maajabu, akarudi juu. Nilikata kisu kipya, kifupi na kinene. Nikafunga chuma, nikatoa ufunguo, nikauweka mfukoni, nikaugusa mfukoni, ndipo nikawasha.

Sikumaliza siku hiyo. Wala iliyofuata. Lakini tundu lilipokaribia, nilifanya kama nilivyoambiwa: nikapitisha kisu bila kuongeza kitu, nikakirudisha, nikapitisha tena. Mara ya kwanza kilitoa nyuzi za chuma. Mara ya pili, vumbi. Kisha hakikutoa kitu, kilipita na mlio mwembamba tu. Nikafuta mafuta, nikakishusha kibonge kwenye nguzo. Kiliteremka chenyewe kwa uzito wake, polepole, kikisukuma hewa mbele yake, kikatua.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mkono. Nilipasua ubavu kwa msumeno, nikakata hesi, ile mizunguko inayoshika bolti, nikauchonga mfereji wa kisu kwa tupa, nikipumzisha bega kila lilipouma. Nikaweka kisu, nikageuza skrubu ya kimo mpaka ncha ikafika katikati, nikabana. Nikachukua kipande cha shaba na kukata uso wake kutoka ukingoni kuingia ndani. Katikati hapakubaki chunusi. Nilikipeleka dirishani kukiangalia kwenye mwanga, nikakirudisha, nikakata tena, si kwa sababu palikuwa na haja.

Nilimpigia mzee na kuweka simu karibu na mashine nikiendelea kukata. Nikaichukua tena kumsikiliza. Akasema, "Endelea kidogo."

Nikaendelea kidogo.

Aliondoka Neasden kabla ya majira ya kuchipua. Sikuwahi kwenda kumuaga. Siku aliyochukuliwa nilikuwa zamu, na yule mama mzito alikuwa amepata homa. Sasa nina vibonge vya kutosha: cha kisu cha kulia, cha kushoto, cha ndani, cha kukatia, na kimoja ambacho bado sijui kitabeba nini. Nimeshawatengenezea watu vitu kadhaa. Mkono wa sufuria ya jirani wa Kikongo uliokuwa umeungua, gurudumu la kiti cha mgonjwa mmoja, pini ya mlango wa gari la shemeji. Vitu vidogo. Bega halijapona, na daktari anasema yale yale.

Mzee hunipigia Jumapili kutoka Leicester. Baadhi ya Jumapili hunikuta gerejini. Nyingi hunikuta kitandani, miguu juu ya mto.

"Umekereza leo?" aliniuliza majuzi.

"Leo nimelala, mzee. Nimelala tu."

"Vizuri. Mashine haili," alisema, kisha akaanza kunieleza mkwe wake alivyopika mchicha kwa nazi, akajitahidi sana, na ukakosa chumvi.